Kumjengea Mgeni Nyumba: Somo Kutoka Kuta Mbili za Suratul Kahf

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, kila Ijumaa tunaisoma Suratul Kahf, na baadhi yenu mmekwisha kuihifadhi. Tukiwauliza visa vyake mnajibu haraka: watu wa pangoni, mwenye mabustani mawili, Nabii Musa (A.S.) na Khidhri, na Dhulqarnaini. Mwaka huu tuliliuliza darasa la juu swali jingine. Ni wasafiri gani katika sura hii waliojenga kitu katika nchi isiyo yao? Dhulqarnaini alitajwa mara moja. Wa pili alichukua muda, mpaka binti mmoja aliyekaa nyuma akaunyoosha mkono na kusema: "Khidhri, ustadhi. Aliusimamisha ule ukuta."

Swali hili hatukuliuliza bure. Kwa muda sasa vijana wetu wamekuwa wakibishana juu ya jambo la kujitolea: watu wanaotoka nchi za mbali, hawajuani wao kwa wao, wanakutana katika nchi ya tatu na kuzijengea nyumba familia ambazo hawajapata kuziona. Wapo wanaosema huo ni wema mkubwa. Wapo wanaosema ni utalii wa wenye fedha. Na wapo wanaouliza kama Muislamu anaweza kuingia katika kazi hiyo bega kwa bega na wasio wa dini yake. Mjadala huu ni wa maana kwetu kwa sababu tunaishi Kigoma, mkoa ambao watu wameuvukia ziwa kwa miaka mingi wakitafuta pa kulala. Hivyo basi tumeona somo la mwaka huu liwe hilo.

Chanzo kimoja kilichoanzia Kongo

Wengi wetu tunadhani mambo haya yalibuniwa Ulaya au Marekani, kisha yakaletwa Afrika. Habari yenyewe ina mzunguko wake. Mwaka 1973 mwanasheria mmoja Mmarekani, Millard Fuller, na mkewe Linda walihamia Mbandaka, mji ulio kando ya Mto Kongo, wakati huo nchi ikiitwa Zaire. Fuller alikuwa tajiri, naye akagawa mali yake. Pale Mbandaka walikaa miaka mitatu wakiwasaidia wenyeji kujenga nyumba za kawaida. Waliporudi kwao, mwaka 1976, wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Rais mstaafu Jimmy Carter, aliyefariki mwezi Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100, alianza kujitolea nalo mwaka 1984, akivaa mkanda wa zana na kupiga misumari kama saidia fundi mwingine yeyote. Shirika hilo lilifika Kenya mwaka 1982, Uganda 1984 na Tanzania 1986.

Ni shirika lililoasisiwa na Wakristo kwa imani yao, na hatulifichi hilo. Lakini zitazameni kanuni zake za mwanzo. Nyumba haikutolewa bure. Mwenye nyumba aliilipia kidogo kidogo, na mkopo wenyewe haukuwa na riba wala faida. Fuller alisema wazi kwamba ameichukua kanuni hiyo katika kitabu chao, kinachokataza kumtoza riba maskini. Na kanuni ya pili: familia itakayokaa ndani ya nyumba ilitakiwa nayo itoe saa zake za kazi, ichanganye zege, ibebe mchanga, pamoja na wageni waliokuja kujitolea. (Mipango ya mikopo imebadilika katika nchi mbalimbali, kwa hiyo anayetaka kujiunga na jambo lolote la fedha asome mkataba kwanza. Katazo la riba katika Suratul Baqarah mnalijua.)

Kanuni hizi mbili zitunzeni akilini, tutakutana nazo tena tukiingia ndani ya Qur'ani.

Ukuta wa kwanza

Nabii Musa (A.S.) na Khidhri walifika katika mji wakiwa na njaa. Wakawaomba wenyeji chakula, wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Zingatieni: si kwamba mji haukuwa na chakula, ila watu wake walikataa. Humo humo wakaukuta ukuta unaotaka kuanguka, na Khidhri akausimamisha. Nabii Musa akaona ajabu, akamwambia kwamba angetaka angeweza kuchukua ujira kwa kazi ile. Habari hii imo katika aya ya 77, na maelezo yake yamo katika aya ya 82: ukuta ulikuwa wa vijana wawili mayatima, chini yake pana hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Mola alitaka wakue kwanza, kisha waitoe hazina yao wenyewe.

Yapo mengi hapa, sisi tutagusa mawili tu. La kwanza, aliyejengewa hakuomba, wala hakujua. Mayatima wale huenda waliamka asubuhi wakaukuta ukuta umenyooka, wakaendelea na michezo yao. La pili, ujenzi huu haukuwa malipo ya ukarimu. Watu wengi husema, "Nitamsaidia fulani kwa kuwa naye alinisaidia", au, "Wale hawakutupokea vizuri, waachwe." Wanazuoni wetu wamelieleza jambo hili sana, nasi tunaliona jepesi kulisema na zito kulitenda. Mtoto yatima hahukumiwi kwa ubahili wa mji wake.

Ukuta wa pili

Dhulqarnaini naye alisafiri mpaka akafika baina ya milima miwili, akawakuta watu ambao ilikuwa taabu kwao kufahamu maneno. Hapa mwanafunzi wa Kigoma hahitaji tafsiri ndefu. Anayetoka Fizi anashuka Kibirizi na Kibembe chake na Kiswahili cha Kongo, na anayetoka Pwani humsikiliza akiwa amekunja uso. Mha na Mrundi hufahamiana, lakini mgeni kutoka Dar es Salaam akae kati yao wakipiga soga, hapati kitu.

Watu wale walimlalamikia Dhulqarnaini juu ya uharibifu wa Yaajuj na Maajuj, wakaahidi kumlipa ili awajengee kizuizi. Majibu yake yako katika aya ya 95. Mali yao aliikataa, kwa kuwa alichopewa na Mola wake ni bora zaidi. Lakini alitaka kitu kingine kutoka kwao, nacho ni nguvu zao. Tena akawagawia kazi: wakaleta vipande vya chuma mpaka vikajaa baina ya milima miwili, wakavuvia moto mpaka chuma kikaiva, kisha ikaletwa shaba iliyoyeyuka ikamiminwa juu yake.

Ndugu wasomaji, tafakarini mgawanyo huu. Elimu ya kuchanganya chuma na shaba ilikuwa ya mgeni. Mikono iliyobeba na mapafu yaliyovuvia yalikuwa ya wenyeji. Wale ambao mwanzo wa kisa walionekana hawaelewi neno, mwisho wa kisa wanaelewa amri ya kazi na kuitekeleza. Na ukuta ulipokamilika hakuandika jina lake juu yake. Alisema, katika aya ya 98, kwamba hiyo ni rehema itokayo kwa Mola wake. Siku hizi choo cha matundu mawili hakizinduliwi mpaka kiwe na kibao cha marumaru chenye jina la aliyekitoa.

Kwa hiyo kanuni aliyoifuata Fuller kule Mbandaka, kwamba mwenye nyumba naye afanye kazi, Muislamu haimshangazi. Ameisoma kila Ijumaa.

Mgeni aliyejua udongo

Sasa tutoke katika sura, twende Madina mwaka wa kwanza wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alikuwa amefikia nyumbani kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.), na kiwanja cha msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl, naye akakataa kukichukua bure, kikanunuliwa. Kuta zilijengwa kwa tofali mbichi za udongo, nguzo zikawa magogo ya mitende, na paa likaezekwa kwa makuti. Mtume mwenyewe alibeba tofali pamoja na masahaba. Ammar bin Yasir (R.A.) alikuwa akibeba mbili mbili wakati wenzake wanabeba moja moja.

Katika mapokezi aliyoyataja Imamu Ahmad na wengineo, yumo mtu aitwaye Talq bin Ali, kutoka Yamama, mbali na Madina. Alikuja akawakuta watu wanajenga. Akashika jembe, akaanza kukanda udongo, na alijua kuukanda. Alipouliza kama abebe tofali kama wengine, Mtume (S.A.W.) hakumtaka abebe, alimwelekeza abaki kwenye udongo kwa kuwa ndiye aliyeujua zaidi.

Hiki ni kisa kifupi, nasi tunakipenda mno. Mgeni hakuulizwa kwanza ni wa kabila gani. Hakuachwa pembeni apigiwe makofi kwa kusafiri mbali. Alitazamwa mikono yake inajua nini, akawekwa hapo.

Linganisheni na habari hii. Mwaka 2014 binti mmoja Mmarekani aliandika jinsi alivyokuja hapa Tanzania na wanafunzi wenzake kujenga maktaba. Mchana walipanga tofali, nao hawajui hata kushika mwiko. Usiku mafundi wa Kitanzania walizibomoa tofali zilizopangwa vibaya na kuzipanga upya, ili wageni wakiamka wasijue kwamba kazi yao haikufaa. Binti yule aligundua, na akawa mkweli kuliandika, jambo ambalo ni la kumsifu. Alikiri kwamba ingekuwa heri fedha za safari zitumike kuwalipa mafundi wa hapa.

Tuliposimulia kisa hiki darasani vijana walicheka. Kisha tukawauliza: nani kati yenu anajua kutumia timazi? Walionyoosha mikono ni watatu, na wawili kati yao baba zao ni mafundi.

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na wale wanaosema kujitolea ugenini ni upuuzi mtupu. Aliyekosea si aliyesafiri, kwani Talq naye alisafiri. Kosa ni kumpa mwiko asiyeujua na kumweka kando fundi aliyekuwa akingoja kibarua apeleke unga nyumbani. Daktari akisafiri kuja kutibu, anakuja na elimu yake. Mhandisi wa maji naye ni hivyo hivyo. Asiye na ufundi anaweza kusomba maji, kuchekecha mchanga, kubeba tofali, na kuwa chini ya amri ya fundi mwenyeji. Kazi ya saidia fundi haina aibu, Mtume wetu aliifanya. Na fundi alipwe haki yake mapema, kabla jasho halijakauka, kama tulivyofundishwa. Kujitolea ni kwa aliyejitolea. Huwezi kumjitolesha fundi wa watu.

Jambo jingine ni picha. Mtu anajenga siku mbili na kupiga picha siku tano, akiwa amemkumbatia mtoto asiyejua hata jina lake. Suratul Baqarah aya ya 264 inaonya juu ya sadaka inayoharibiwa kwa masimbulizi na maudhi, na kwa kutaka kuonekana na watu. Anayemwonyesha dunia nzima unyonge wa mwenzake ili yeye asifiwe, ajipime hapo.

Je, tujenge pamoja na wasio Waislamu?

Swali hili halihitaji maneno mengi. Suratul Maidah aya ya 2 imetuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu, na kutosaidiana katika dhambi na uadui. Suratul Mumtahina aya ya 8 imebainisha kuwa hatukatazwi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mtume (S.A.W.) kabla ya Utume alishiriki mapatano ya Hilful Fudhuul, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, ya kumtetea aliyedhulumiwa, na baada ya Uislamu akasema angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Aliyemwongoza njia katika Hijra, Abdullah bin Urayqit, hakuwa Muislamu.

Masharti ni yale yale ya kila mahali: swala isipotee, chakula kiwe halali, mwenye kusafiri apate idhini ya wazazi, na wasichana wafuate taratibu za safari walizofundishwa. Kundi likikushurutisha kuacha dini yako ili upewe nyundo, nyundo ziko nyingi, tafuta nyingine.

Mwambao wetu

Turudi nyumbani. Ujiji ni mji uliojengwa na wageni. Misafara ya kutoka Pwani iliishia hapa, na Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871. Wamanyema, ambao wengi wenu ni wajukuu zao, walitoka ng'ambo ya ziwa. Kabla ya mashirika kuja na maturubai, Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipokelewa katika vijiji vya mkoa huu, na wengi wakajenga humo humo kati ya wenyeji. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kwa Wakongo. Mwaka 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, ufukweni, kipindupindu kikaingia, na meli yetu kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba kuwaleta Kigoma. Walianza katika mahema. Baadaye familia nyingi makambini zilifyatua tofali zao za udongo na kusimamisha kuta zao, na wazee na wagonjwa wakasaidiwa na majirani.

Kisha ziwa lenyewe likapanda. Miaka ya 2020 na 2021, na tena 2024, maji yaliingia katika nyumba za mwambao upande wetu, Burundi na Kongo. Tofali mbichi ni nzuri na rahisi, lakini maji yakifika kwenye msingi huyeyuka kama sukari, na ukuta hukaa chini bila kelele. Wazee wetu waliinua msingi kwa mawe kabla ya kupanga tofali, na anayejenga karibu na maji leo bila mawe anajitafutia kazi ya mwakani. Bora zaidi asogee juu. Kuchoma tofali huipa nguvu, ila tanuru moja linakula kuni nyingi, na vilima vyetu mnaviona vilivyobaki vipara.

Kiangazi kilichopita wanafunzi wetu wakubwa walikwenda kumsaidia bibi mmoja mjane ambaye hana jamaa mjini, ukuta wake wa nyuma ukiwa umeanguka katika masika. Kwake sisi ni wageni, na yeye kwetu ni mgeni. Hatukuwa na udugu wowote ila ujirani wa mitaa miwili. Alipatikana fundi, wazazi wakachanga ujira wake, naye akalipwa kila siku kabla ya Magharibi. Vijana walifyatua tofali na kuzianika. Siku ya kwanza walimwekea bibi kiti chini ya mwembe, wakamwambia, "Shikamoo bibi, wewe pumzika tu."

Bibi akaitikia marahaba, kisha akasimama. "Wajukuu zangu," akasema, "mkinikalisha hivi, hiyo nyumba itakuwa yenu. Nipeni kazi."

Wakatazamana. Fundi ndiye aliyempa jibu: akamwuliza mlango wa uani auelekeze wapi. Bibi alifikiri sana, akazunguka, akapima kwa hatua, akasema uelekee jikoni ili moshi usiingie chumbani. Ikabidi mstari wa kamba ung'olewe na kupigwa upya. Baada ya hapo alipika uji kila asubuhi, akachota maji ya kukandia udongo kwa ndoo ndogo, nusu nusu, na hakuna aliyethubutu kumpokonya. Kazi ya siku nne ilichukua siku saba. Fundi hakulalamika.

Vijana wale hawakupanda ndege. Lakini kama siku moja mmoja wao ataitwa kwenda Bujumbura, Kalemie au mbali zaidi kujenga pamoja na watu asiowajua, tunaamini atauliza kwanza fundi ni nani, na mwenye nyumba anataka mlango uelekee wapi.

Zoezi

Someni Suratul Kahf aya ya 77 mpaka 82, kisha aya ya 93 mpaka 98, pamoja na tafsiri. Andikeni katika madaftari yenu ni nani aliyejua kwamba amejengewa na nani hakujua, na kwa nini hali hizo mbili zimetofautiana. Kisha mwende kwa fundi yeyote wa mtaani kwenu, mumsalimie kwa heshima, mumwombe awaonyeshe jinsi timazi na pima maji vinavyotumika. Daftari zikusanywe Jumamosi ya kwanza baada ya likizo. Wazazi wenye kalibu ya tofali isiyotumika wanaombwa kuiazima madrasa kabla ya kiangazi, kwani tuliyonayo ni moja na imepasuka upande.